Paka wa Kupelekwa Ng'ambo

Kila aliyeingia uani kwetu mwaka ule alimtazama paka, akakunja pua, kisha akauliza, "Huyu bado yupo?"

Hakuna aliyeuliza, "Anaendeleaje?" Hata mtu aliyelala kitandani miaka mitatu, ambaye ukoo mzima umeshajua haamki tena, huulizwa hali. Paka wetu aliulizwa kama mgeni aliyekuja kwa siku mbili akakaa mpaka masika. Nami nilijibu kwa tabasamu, maana nimelelewa nikaleleka, lakini moyoni niliwadharau wote, mmoja mmoja, na majina yao. Najua dharau ni mbaya. Ndiyo maana niliifanya kimyakimya.

Nyumba ni ya shangazi yangu, dada wa marehemu baba, hapa Kilwa Masoko. Mama yuko Mitole na shamba lake la ufuta. Mimi nililetwa kwa shangazi nikiwa mdogo ili nisome shule ya karibu, nikasoma mpaka kidato cha nne, nikatoka na karatasi ambayo mpaka leo hakuna aliyewahi kuniomba aione. Sasa nakaanga vitumbua asubuhi na kuviuza mlangoni. Nina ndoto ya mgahawa wenye feni mbili na kabati la kioo. Shangazi akinisikia nikiisimulia husema, "Anza na kuosha karai."

Paka alikuja nikiwa darasa la pili. Shangazi alimwomba kwenye duka la familia moja ya Kihindi inayouza mchele na unga, kwa sababu paka wa duka lile walisifika mji mzima. Hakupewa jina. Kwetu paka ni paka. Ukimtaka unamwita nyau nyau, asipotaka haji, na mara nyingi hakutaka.

Enzi zake alikuwa mtu mzito. Alikuwa akiua panya na kuwapanga kizingitini kwa shangazi, vichwa upande mmoja, mikia upande mmoja. Jirani wa ukuta wa kushoto alikuwa akija kumwazima kama watu wanavyoazimana kinu. "Shoga, niazime paka wako siku mbili, stoo imenishinda." Anabebwa, anafungiwa stoo na magunia ya mahindi, na akirudishwa anarudishwa na kipande cha samaki juu, kwa heshima. Jirani huyohuyo, meno ya paka yalipokwisha, alisimama uani kwetu na kanga yake puani akasema, "Mnakaaje na hii harufu?" Nikamwangalia. Mahindi yake yote aliyokula maishani mwake, nusu yake aliyaokoa paka.

Ndivyo watu wa mtaa wetu walivyo. Mapenzi yao ni ya stoo. Panya wakiisha, nayo yanaisha.

Uzee wake ulianza na meno. Likang'oka moja, nikaliokota mkekani nikadhani ni punje ya mchele. Halafu jicho la kushoto likaingia ukungu. Halafu akaanza kunywa maji. Akawa anakunywa kama mtu aliyesikia adhana ya magharibi katikati ya Ramadhani, anakunywa mpaka bakuli linabaki kavu, ananitazama, nalijaza, anakunywa tena. Na mwenye kunywa hivyo lazima akojoe, na mzee hawezi kufika mbali. Nikachukua karai lililotoboka, nikalijaza mchanga wa pwani, nikaliweka pembeni ya choo cha uani. Kila asubuhi, kabla sijawasha moto wa vitumbua, nilimwaga mchanga wa jana na kuleta mpya.

Chakula nacho kilikuwa na masharti. Kichwa cha samaki changu nilikichemsha bila chumvi, nikatoa miiba kwa vidole mpaka vidole vikakunjamana, nikaponda kwa mwiko, nikapooza kwa kupepea. Nikimwekea, ananusa, ananiangalia kama nimewatukana wazazi wake, anaondoka. Naondoa. Anarudi kukaa palepale pa bakuli na kupiga kelele kuwa ananyimwa. Namrudishia, anakula.

Dharau ile niliipenda sana. Mtu amebaki na jicho moja, mifupa inahesabika, manyoya ya mgongoni yameshikamana kama kitambaa kilichomwagikiwa uji, na bado anakutazama kama wewe ndiye unayeishi kwake.

Jirani alinishauri nimpe panado. "Nusu tu, atapoa." Bahati yangu sikumpa. Siku bwana mifugo alipokuja mtaani kuchanja mbuzi, nikamweka paka kwenye kikapu cha ukindu nikaenda kupanga foleni na wenye mbuzi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbuzi wako yuko wapi?"

"Sina mbuzi. Nina paka."

Akainama kwenye kikapu. Paka akamtazama kwa jicho lake moja, akaona hakuna la maana, akalifumba.

"Ana nini?"

"Anakunywa maji mengi, anakonda."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na tano, anaelekea kumi na sita."

Bwana mifugo akacheka mpaka akavua miwani. "Dada, huyu haumwi. Huyu amemaliza!" Wenye mbuzi wakacheka naye, hasa mmoja ambaye mbuzi wake alikuwa anakula shuka la watu huku nyuma na yeye hana habari. Nikasimama tu. Alipomaliza kucheka akasema figo zimechoka, nimpe maji bila kumpimia, nimpe samaki laini, na nisithubutu kumpa panado, maana panado inaua paka. Kwa hilo la mwisho nilimsamehe robo. Robo tatu bado ninayo.

Nimesikia kuwa Dar kuna hospitali za paka zenye viti vya kusubiria. Nilipowaambia watu hapa, walidhani ni ndoto zangu kama kabati la kioo.

Basi tukaenda hivyo, mimi na mchanga wangu na vichwa vyangu vya changu, mpaka wiki ya maulidi.

Shangazi alikuwa na maulidi ya wanawake nyumbani, ya Alhamisi baada ya alasiri. Kwa shangazi hiyo ni kama kuapishwa. Ukuta ulipakwa chokaa, mikeka ikaanikwa, udi ukanunuliwa wa kutosha kufukiza mji. Jumatatu akatandika msala wake mpya chumbani, akatoka kwenda kutia udhu. Aliporudi, paka alikuwa amesimama katikati ya msala, na msala umelowa.

Sikusikia kelele. Ningesikia kelele ningekuwa na nafuu. Nilisikia ameniita kwa sauti ya chini.

"Njoo uone."

Nikaona.

"Huyu aende ng'ambo," akasema.

Hapa inabidi nieleze, maana ndugu zangu wa bara nikiwasimulia huwa wanadhani ng'ambo ni Ulaya. Ng'ambo yetu ni Kilwa Kisiwani, hapo mbele, boti inavuka kabla chai haijapoa. Kwetu paka hauawi. Wazee wanasema aliyeua paka mkono wake hutetemeka mpaka anaingia kaburini, na hakuna anayetaka kujaribu. Kwa hiyo paka akiwa mwizi, au akiwa mchafu, au akizaa kupita kiasi, anatiwa kwenye kiroba, mdomo unafungwa kamba, anapandishwa boti, anaachiwa Kisiwani. Paka haogelei, harudi. Mwenye paka anarudi nyumbani mikono yake imetulia, anaswali, anakula, analala. Hakuua. Kama paka kafa huko, kafa kwa mambo yake.

Na watu wa Kisiwani nao wana paka, nao wana mikono wasiyotaka itetemeke. Wanatuletea wa kwao huku Masoko. Boti zilezile, viroba vilevile. Wanavuka paka, wanavukishwa paka, na pande zote mbili watu wanajiona wana imani kali.

"Shangazi, lakini ni mzee," nikasema.

"Ndiyo maana. Angekuwa kijana ningempa kazi."

"Nitamfungia. Msala nitaufua mara saba."

"Utaufua, na ataenda. Kule magofuni kuna wazungu, wanawapenda paka. Watamlisha biskuti, watampiga picha. Atakaa vizuri kuliko mimi."

"Hana meno ya biskuti."

"Watazilowesha." Akaukunja msala kwa ncha za vidole. "Jumatano jioni sitaki kumwona. Na umpeleke wewe, mwingine atamparura."

Hapa ningependa kuandika kwamba nilikataa. Sikukataa. Nilisema, "Haya, shangazi," kwa sauti ya mtu mwenye adabu, nikaenda kufua msala. Na nilipokuwa nafua nikaanza kazi yangu ninayoiweza kuliko zote, nikaota. Nikamwona paka amelala juu ya ukuta wa jumba la masultani, jua linampiga mgongoni, msichana wa kizungu mwenye kofia anamlowekea biskuti kwenye maji ya chupa. Nikamwona ananenepa. Kufikia suuza ya nne nilikuwa karibu kumwonea wivu. Mimi ni hodari wa ndoto. Naweza kuota hata uongo wa mtu mwingine.

Kila mtu niliyemdharau mwaka ule, siku ile nilikuwa mmoja wao, tena mbaya zaidi, kwa kuwa wao hawakuwahi kumpepea samaki.

Jumatano asubuhi sikukaanga vitumbua. Nilikataa kiroba, huo ndio ulikuwa ushujaa wangu wote. Nilimweka kwenye kikapu cha ukindu, nikamtandikia kipande cha kanga, nikafunika kwa ungo mdogo na kuufunga kwa utepe. Nikamwekea na kipande cha changu. Yaani nilimfungia na masurufu ya njiani, kama anakwenda kusalimia.

Pale boti za Kisiwani zinapopakia watu, vijana waliokaa juu ya madumu ya mafuta waliniona tangu mbali.

"Dada, kikapu chako kinalia!"

"Mtoto wa nani huyo umemficha?"

"Mpeni nafasi, anasafiri na mume!"

Nikacheka nao. Ndiyo tabia yangu, hata nikitaka kulia meno yananitoka. Nikasimama kungoja boti iliyokuwa inaingia ishushe watu.

Wa kwanza kushuka alikuwa mama mmoja wa Kisiwani, mnene, baibui amelikusanya kwa mkono mmoja lisilowe, na mkono wa pili ameshika kiroba. Akakanyaga mchanga, akavuta pumzi, na kiroba kikasema nyau.

Kikapu changu kikajibu.

Watu wote wakageuza shingo. Halafu ufukwe mzima ukaangua kicheko. Nahodha alikuwa amekaa nyuma kwenye mashine, akapiga makofi.

"Leo wamekutana wenyewe kwa wenyewe! Jamani, badilishaneni hapohapo mniokolee mafuta!"

Yule mama hakucheka. Alinitazama kuanzia kandambili mpaka mtandio.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Wako kafanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Hajafanya kitu unampeleka kwetu? Wangu mwizi. Nimeanika pweza wangu wa kuleta sokoni, kala minyiri mitatu mpaka shinani. Mitatu! Wako je?"

"Wangu mzee tu."

"Hebu."

Nikafungua ungo. Paka akatoa kichwa, akaligeuza lile jicho lake, akamkagua yule mama kama alivyomkagua bwana mifugo. Akapiga mwayo, na ndani ya mwayo hamkuwa na jino hata moja.

Yule mama akaniangalia mimi.

"Huyu ndiye unayetuletea?"

"Shangazi yangu amesema kule kuna…"

"Sikukuuliza shangazi. Wangu nikimwachia hapa sasa hivi, adhuhuri haijafika keshaiba nguru wa mtu. Huyu wako utamwacha kule ale nini? Atafune mawe ya msikiti wa magofuni?"

"Kuna wazungu," nikasema. Nilijisikia mwenyewe nikilisema, na lilipokuwa bado mdomoni nililionea haya.

"Wazungu!" Akawageukia walio kwenye boti. "Jamani eeh, anasema wazungu!"

Walicheka mpaka boti ikayumba. Mmoja wao, anayetembeza wageni magofuni, akasema, "Dada, wazungu wanashuka saa nne, wanapiga picha, saa sita wanataka soda. Labda huyo paka wako awe anauza soda."

Mama akakata kicheko chao kwa mkono. "Mwizi namfukuza, kajitakia. Huyu umekaa naye mpaka kakwisha meno, imebaki kidogo, unashindwa kumngoja? Una haraka ya kwenda wapi?"

Vitumbua nilikuwa sijakaanga. Sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Kisha, bila kungoja, akafungua kamba ya kiroba chake, akakipindua na kukikung'uta kama anamwaga makapi. Paka dume jekundu likadondoka, likasimama sekunde moja na macho yamelitoka, likakimbilia chini ya meza za samaki. Mama akakunja kiroba chake vizuri, cha kurudi nacho, akapangusa mikono. "Haya," akasema, akashika njia ya sokoni.

Nilimdharau kwa moyo wangu wote. Na alikuwa amesema kweli. Nimejaribu mara nyingi kutenganisha hayo mawili na nimeshindwa.

"Unapanda hupandi?" nahodha akaniuliza.

"Sipandi."

"Basi toka kwenye njia, na kikapu chako."

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi nilipoingia. Akakiona kikapu, hakuacha kukuna.

"Boti imekosekana?"

"Ilikuwepo."

"Bahari mbaya?"

"Bahari nzuri, shangazi."

"Basi?"

"Nimerudi naye."

Akakuna nazi ile mpaka ikafika kwenye kifuu, akaendelea kukikuna na kifuu. "Kesho nina wanawake wa mji mzima ndani ya nyumba hii. Sitaki unyoya wake mmoja. Umenisikia?"

"Atakaa jiko la uani. Haingii ndani tena."

"Na wewe?"

Nilikuwa sijalifikiria hilo. "Na mimi nitakaa naye," nikasema.

Ndipo akaniangalia. "Sawa. Kaa naye. Na kanga ya sare uirudishe, nitampa binti wa jirani. Huwezi kukaa na wageni wangu unanuka mkojo wa paka."

Ile kanga nilikuwa nimeshaipiga pasi. Nilikuwa nimeshaota nilivyokaa mstari wa mbele, marashi mabegani, mama wa kijana fulani ananitazama na kuuliza, yule binti wa nani? Nikaenda, nikaileta, nikaiweka magotini pa shangazi. Hakunishukuru.

Maulidi nikayasikilizia jikoni. Niliwapikia pilau wanawake wa mji mzima nikiwa na dera la kupikia, na paka amelala karibu na mafiga ambako majivu yana joto, amegeuka wa kijivu mwili mzima. Walipofika pa kusimama wote kumsalia Mtume, nami nikasimama, mwiko mkononi. Jirani wa ukuta wa kushoto aliingia kuomba maji ya moto, binti yake yuko ndani na kanga yangu, akamwona paka.

"Mh! Bado yupo?"

"Yupo," nikasema. "Unataka kumwazima?"

Alichukua maji akaondoka, na siku kadhaa hakunisalimia. Zilikuwa siku nzuri.

Tuliishi jikoni wiki tisa. Shangazi alipita kila asubuhi kuchukua moto, akimwambia, "Mzee, hujafa tu?" Paka hakumgeuzia hata sikio. Usidhani shangazi alilainika. Hakumletea samaki, hakumshika kichwa, na mimi kurudi chumbani hakuniambia mpaka mwisho. Kwa upande wangu nilitandika mkeka wangu mwenyewe juu ya magunia ya mkaa, nikajifunza kulala bila kujigeuza, kwa kuwa alipenda kulala nyuma ya magoti yangu, na mtu wa umri ule hasumbuliwi.

Wiki za mwisho hakula samaki tena, alilamba mchuzi wake tu kwenye kidole changu. Ulimi ulikuwa bado mkavu kama msasa. Baadaye akawa halambi.

Alikufa asubuhi, saa tatu hivi, siku ya kazi kama nyingine. Nilikuwa nageuza vitumbua na kumgombeza, maana alikuwa amelala kwenye njia yangu na nilishamruka mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia, "Sogea basi, bwana mkubwa," nikamsukuma kidogo kwa mguu, akasogea kirahisi mno. Vitumbua vya mkupuo ule viliungua vyote.

Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri mlangoni akachungulia, akaniambia kwa wema wake, "Mtie kwenye mfuko tu, kuna shimo la taka pale nyuma ya soko." Nikamwambia vitumbua vimekwisha, aende.

Nikachukua jembe nikaenda nyuma ya jiko, kwenye mpapai. Udongo wa kwetu ni mchanga juu, chini ni mawe ya matumbawe. Nilipofika kina cha goti nikaona panatosha. Nikageuka kumchukua, nikamkuta shangazi amesimama kwenye pembe ya jiko, ufagio mkononi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alikuwa anatazama shimo, si mimi.

"Ungempeleka ng'ambo usingechimba," akasema.

"Najua, shangazi."

Akasogea, akachungulia ndani, akasonya.

"Hilo shimo la kupanda muhogo. Ongeza. Kenge wa hapa hufukua, hawana adabu."

Nikashika jembe tena, nikachimba mpaka likagonga jiwe, nikalizunguka lile jiwe, nikaendelea.